Kidonda kinywani: Hesabu siku kabla ya kununua dawa tena

Miaka kadhaa iliyopita, dereva mmoja wa lori aliyekuwa akikaribia umri wa miaka hamsini alifika katika kliniki yangu akilalamikia kikohozi. Nilimpima kifua na kumwandikia dawa. Alipokuwa akiinuka kwenda zake, alisema kana kwamba ni jambo dogo, "Halafu daktari, kuna kidonda hapa kwa ulimi."

Nilimulika kinywa chake. Pembeni mwa ulimi kulikuwa na kidonda kidogo, karibu na jino lililovunjika. Nilimwambia kwamba jino hilo ndilo linalomkwaruza, nikampa dawa ya kusukutua, kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Kuna swali moja sikumwuliza: kidonda hicho kimekaa siku ngapi?

Aliporudi baada ya miezi mitano, hakuweza tena kumeza ugali. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile ya kwanza kidonda kilikuwa tayari kimemaliza miezi miwili, na kwamba alikuwa amenunua viuavijasumu mara tatu katika duka la dawa. Uchunguzi ulionyesha ni saratani ya ulimi, nayo ilikuwa imeshafika kwenye tezi za shingo. Alifanyiwa upasuaji na kutibiwa kwa miale. Yu hai, lakini huzungumza kwa shida na hakurudi tena barabarani.

Mpenzi msomaji, sikusimulii kisa hiki ili kukutia hofu. Idadi kubwa ya vidonda vya kinywani si saratani, na vingi hupona vyenyewe. Ninakisimulia kwa sababu swali nililolisahau ni swali ambalo wewe unaweza kujiuliza nyumbani bila kulipa hata shilingi moja.

Kwa nini siku ni muhimu

Ngozi laini iliyo ndani ya kinywa hujitengeneza upya haraka kuliko ngozi ya mkono au mguu. Ndiyo maana ukijiuma shavu Jumatatu, aghalabu kufikia Jumatatu inayofuata umekwisha sahau. Kidonda cha kawaida cha kinywani hupona ndani ya wiki mbili hivi.

Kwa hivyo, kidonda kinachokaa mahali pamoja kwa zaidi ya wiki tatu kinakueleza kuwa kuna kitu kinachokizuia kupona. Kitu hicho huenda kikawa jino kali, viini, upungufu wa damu, kinga dhaifu ya mwili au saratani. Kazi ya daktari ni kukitafuta, si kubadilisha tu aina ya dawa ya kupaka.

Vidonda vinavyokuja na kwenda

Vidonda vinavyowasumbua watu wengi zaidi ni vile vidogo vya mviringo, vyenye katikati nyeupe au ya manjano na ukingo mwekundu. Hutokea ndani ya midomo, mashavuni au chini ya ulimi. Huuma sana, hasa ukila pilipili, ndimu au nanasi, kisha hupotea baada ya siku saba hadi kumi na nne. Baada ya muda huzuka tena mahali pengine.

Vidonda hivi haviambukizi. Chanzo chake hasa hakijulikani kikamilifu, lakini mara nyingi huandama watu wa ukoo mmoja, na huzuka wakati wa mawazo mengi, kukosa usingizi, kujiuma au, kwa baadhi ya wanawake, karibu na siku za hedhi.

Vikizuka mara kwa mara, ni vizuri damu yako ipimwe. Upungufu wa madini ya chuma, wa foliki au wa vitamini B12 huweza kuvisababisha. Upungufu huo pia huweza kuufanya ulimi kuwa mwekundu na laini kupita kiasi, na kupasua pembe za midomo. Wanawake wanaopata hedhi nzito, waja wazito na watu wasiokula nyama, maziwa wala mayai wako katika hatari zaidi. Maini, nyama, maharagwe, ndengu na mboga kama terere na managu husaidia, lakini kwanza jua kilichopungua na kwa nini kimepungua.

Tusichanganye vidonda hivi na vile vipele vya majimaji vinavyotokea mdomoni kwa nje mtu anapokuwa na homa. Wengi huamini kwamba hiyo ni "malaria imetokea mdomoni." La hasha. Hivyo husababishwa na virusi vya hepesi vinavyolala mwilini na kuamka wakati wa homa ya aina yoyote, jua kali au uchovu. Hivi huambukiza, kwa hivyo usimbusu mtoto mchanga ukiwa navyo.

Majeraha tunayojiletea

Jino lililovunjika, meno bandia yasiyokaa sawasawa, mswaki mgumu na chai ya moto vyote hujeruhi kinywa. Lakini kuna majeraha mengine tunayojitia wenyewe tukitafuta nafuu. Mtu akiumwa na jino, huweka kidonge cha aspirini au ugoro kando ya jino hilo. Jino haliponi, na ufizi na shavu huungua na kubambuka. Aspirini ni ya kumezwa, na haifai kwa watoto isipokuwa kwa agizo la daktari.

Wanaotafuna miraa kwa saa nyingi huchubua shavu la upande mmoja na kukaukiwa na kinywa. Kinywa kikavu hakina mate ya kutosha ya kujisafisha, na huko viini hustawi.

Mtoto anapokataa kula

Kwa watoto wadogo, hepesi inapowapata mara ya kwanza huwa kali. Mtoto hupata homa, ufizi huvimba na kuwa mwekundu, vidonda vidogo vingi hutapakaa kinywani, mate humtiririka na hukataa kunyonya au kula. Wazazi wengi hudhani ni meno yanayoota. Meno hayaleti homa kali wala vidonda vingi hivyo.

Ugonjwa huu huisha kwa siku kumi hadi kumi na nne. Viuavijasumu haviusaidii kwa sababu vyenyewe huua bakteria, si virusi. Hatari kubwa ni mtoto kukaukiwa na maji. Mpe maziwa au uji uliopoa na maji baridi kidogo kidogo kila mara, pamoja na parasetamoli kulingana na uzani wake. Ukimfikisha hospitalini ndani ya siku tatu za mwanzo, daktari anaweza kuamua kumpa asikloviri. Asipopata mkojo kwa saa nane hivi, akilegea au akilia bila machozi, usingoje asubuhi.

Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi wa mtoto mchanga ni kuvu. Ukijaribu kuufuta hautoki kwa urahisi kama maziwa. Dawa yake ni matone ya nistatini au jeli ya kuua kuvu, na chuchu za mama pia huenda zikahitaji kutibiwa. Usimpake asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani huweza kumletea sumu hatari. Nayo ile dawa ya zambarau tunayoiita GV, ikiwa kali, huchoma kinywa.

Utando mweupe kwa mtu mzima

Kuvu iyo hiyo ikimpata mtu mzima, swali la kwanza ni kwa nini. Huenda umetoka kumeza viuavijasumu kwa muda mrefu. Huenda unatumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi bila kusuuza kinywa baadaye. Huenda unalala na meno bandia. Huenda una ugonjwa wa kisukari usioujua.

Na huenda kinga ya mwili imeshushwa na virusi vya HIV. Ninajua kwamba hapa ndipo wagonjwa wengi hunyamaza na kuniomba "dawa ya mdomo tu." Ninawaelewa. Lakini kuvu ikitibiwa bila kupima damu itarudi, na safari hii huenda ikashuka hadi kooni. Siku hizi anayepimwa mapema na kumeza dawa za ARV kila siku huishi miaka mingi, hufanya kazi na kulea watoto wake. Kipimo ndicho kinachofungua mlango huo.

Ufizi unaovuja damu

Ufizi mwekundu, uliovimba na unaotoka damu unapopiga mswaki mara nyingi ni dalili ya uchafu uliogandamana kwenye mizizi ya meno. Wengi huacha kupiga mswaki wakiogopa damu, na hali huzidi. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku ukitumia dawa ya meno yenye floridi, kisha umwone daktari wa meno aondoe ugaga.

Ufizi ukianza kulika kati ya meno, ukiuma sana na kutoa harufu mbaya, huo ni ugonjwa mkali unaohitaji kusafishwa na dawa ya kuandikiwa. Kwa mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, ni dharura, maana kidonda cha ufizi huweza kula shavu na mfupa kwa siku chache. Ugonjwa huo huitwa noma, na mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza katika orodha yake ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Dawa pia huweza kuwa chanzo

Ukianza kutumia dawa mpya kisha vidonda vizuke kinywani, macho yawe mekundu na ngozi ianze kutoka malengelenge, acha dawa hiyo na ukimbilie hospitalini siku iyo hiyo. Dawa zenye salfa kama Septrin, baadhi ya dawa za kifafa na nevirapini huweza kuleta hali hii. Hutokea kwa nadra, lakini huua. Beba pakiti ya dawa ili daktari aione.

Kidonda kisichouma

Watu hudhani saratani lazima iume. Mwanzoni, saratani ya kinywa mara nyingi haiumi. Huanza kama kidonda kidogo, uvimbe mgumu au baka jeupe au jekundu lisilofutika, hasa pembeni mwa ulimi, chini ya ulimi, kwenye ufizi au ndani ya shavu.

Anayevuta sigara yuko hatarini, na anayevuta na kunywa pombe kupindukia yuko hatarini zaidi, kwani vitu hivyo viwili huzidishiana nguvu. Tumbaku ya kuweka mdomoni, kama vile ugoro na kuber, si salama eti kwa sababu haina moshi. Popoo inayotafunwa na tambuu pia husababisha saratani, hata bila kuchanganywa na tumbaku. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao hawakuwahi kutumia chochote kati ya hivi.

Njia ya kuthibitisha ni kukata kipande kidogo cha kidonda baada ya kutiwa ganzi na kukipima kwa hadubini. Kukata kipande hicho hakueneza saratani, kama inavyodaiwa mitaani. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji mdogo hutosha na wengi hupona. Kuchelewa ndiko kunakomnyima mtu ulimi au maisha.

Unaloweza kufanya nyumbani

Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu na usukutue mara tatu au nne kwa siku. Epuka vyakula vikali na vya moto. Meza parasetamoli ukihisi maumivu. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini husaidia ikitumiwa mara mbili kwa siku, lakini ukiitumia kwa muda mrefu itatia meno rangi. Usinunue viuavijasumu bila kuandikiwa.

Mwone daktari au daktari wa meno iwapo:

- kidonda, uvimbe au baka limekaa kwa zaidi ya wiki tatu, liwe linauma au haliumi;
- vidonda vinazuka tena na tena, au ni vikubwa kuliko ukucha;
- una utando mweupe na wewe si mtoto mchanga;
- jino linalegea bila sababu, au kuna uvimbe shingoni;
- unakonda, una homa, au huwezi kumeza.

Usiku wa leo, ukimaliza kupiga mswaki, washa tochi ya simu na usimame mbele ya kioo. Toa ulimi, uvute kulia na kushoto, uinue juu, kisha uvute mashavu na midomo utazame ndani. Ukiona kidonda, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Wiki tatu zikipita na bado kipo, usirudi dukani. Nenda hospitalini, na hata daktari akiwa na foleni ndefu kama niliyokuwa nayo siku ile, mwambie tarehe hiyo kabla hajakuuliza.