Kodi ya Majengo Kupitia LUKU: Nani Hasa Anapaswa Kulipa?

Kila mwezi mnunuzi wa umeme huona sehemu ya fedha yake imekatwa kabla ya kupata uniti. Makato hayo ni kodi ya majengo, na ni vema kila mwananchi akafahamu anadaiwa nani, na kwa kiasi gani.

Chini ya sheria ya mwaka 1983, kodi hii ilitozwa na mamlaka za miji kwa kufuata thamani ya jengo. Uthamini una gharama kubwa, hivyo majengo mengi yalibaki nje ya daftari. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuikabidhi kazi ya ukusanyaji kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kisha vikawekwa viwango mfuato, na Agosti 2021 makato yakaanza kupitia LUKU. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha nyumba ya kawaida kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kwa mwezi.

Utaratibu huu umerahisisha ukusanyaji, lakini una mapungufu mawili. Kwanza, nyumba ndogo na kubwa isiyo ya ghorofa hulipa sawa. Pili, mita hukata kwa yeyote anayenunua umeme, ilhali kodi ni ya mwenye jengo.

Kwa hiyo, mpangaji anayekatwa anamlipia mwenye nyumba. Inashauriwa pande hizo mbili zikubaliane kwa maandishi jinsi fedha hiyo itakavyofidiwa katika pango, na mpangaji atunze risiti zake. Shilingi 1,500 ni kidogo kwa mwezi, ila kwa miaka mitatu ni 54,000.

Aidha, kodi ni ya nyumba, si ya mita. Nyumba moja yenye mita mbili zinazokatwa hulipa 36,000 badala ya 18,000. Mmiliki afike ofisi inayohusika na kodi hii akiwa na namba za mita zote ili kumbukumbu zirekebishwe.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea, au mtu mwenye ulemavu, asiye na kipato, anaweza kuomba msamaha kwa nyumba anayoishi. Msamaha haujileti, huombwa.

Mwisho, kodi hii isichanganywe na kodi ya pango la ardhi. Hiyo hulipwa peke yake, kwa ankara yake.