Elizabeth Catlett: Msanii wa Chapa Aliyefungiwa Mlango wa Kwao

Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, lilikuwako jumba la sanaa lililojengwa ndani ya bustani kubwa ya mji. Bustani hiyo ilikuwa ya Wazungu, na Mweusi hakuruhusiwa kutia mguu. Yalipofika huko maonyesho ya picha za Picasso, mwalimu mmoja kijana wa Chuo Kikuu cha Dillard aliona kwamba wanafunzi wake, wote Weusi, wangeyakosa kwa sababu tu hawakuweza kuikanyaga bustani. Akafanya mpango. Walichukuliwa kwa basi hadi mlangoni pa jumba, siku ambayo halikufunguliwa kwa umma, wakashuka na kuingia moja kwa moja.

Mwalimu huyo alikuwa Elizabeth Catlett, aliyefundisha Dillard kuanzia mwaka 1940 hadi 1942. Ndugu msomaji, kisa hicho ni kama muhtasari wa maisha yake yote.

MJUKUU WA WATUMWA

Alizaliwa Washington tarehe 15 Aprili, 1915. Wazee waliowazaa wazazi wake walikuwa wameonja utumwa. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki kabla binti huyo hajazaliwa, na mama akabaki na mzigo wa kulea watoto watatu.

Elizabeth alifaulu mtihani wa kupata nafasi ya masomo katika chuo kimoja cha Pittsburgh, lakini kilipotambua kwamba ni Mweusi, kilimkataa. Akaingia Chuo Kikuu cha Howard, akahitimu mwaka 1935. Kisha alifundisha shule ya sekondari huko Durham, North Carolina, na kushiriki katika madai ya kuwapatia walimu Weusi mshahara sawa na wa Wazungu.

Mwaka 1940 alipata shahada ya juu ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Iowa. Mwalimu wake mmoja, mchoraji Grant Wood, alimshauri achore kile anachokijua zaidi. Yeye alichokijua ni maisha ya mwanamke Mweusi. Chuo hicho kilimpa shahada, lakini hakikumpa kitanda, kwani mabweni yalikuwa ya Wazungu peke yao.

Baadaye, huko Harlem katika jiji la New York, alifundisha katika shule ya watu wazima. Wanafunzi wake walikuwa wapishi, watumishi wa nyumbani na wafagiaji, waliofika jioni baada ya kazi ya siku nzima. Aliwafundisha uchongaji, na ushonaji wa nguo pia. Hao ndio aliotaka wazione kazi zake.

SANAA YA BEI NDOGO

Mwaka 1946 alisafiri kwenda Mexico kwa msaada wa fedha za masomo, akajiunga na karakana ya wasanii wa chapa iliyoanzishwa mwaka 1937. Wasanii hao walichapa mabango na vipeperushi kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi, wakulima na kampeni za kusoma na kuandika.

Kazi yenyewe inafanana na ile ya muhuri wa ofisini. Msanii huchukua kipande cha linoliamu, lile tandiko la sakafuni, akakichonga kwa patasi ndogo. Sehemu iliyochongwa hubaki nyeupe, na iliyoachwa hupokea wino. Karatasi ikigandamizwa juu yake, picha hutokea, imegeuka kulia kuwa kushoto. Kipande kimoja hutoa nakala nyingi, kwa gharama ndogo. Mchoro wa rangi za mafuta huingia nyumba moja ya tajiri, lakini chapa huweza kufika katika vyumba vya watu mia.

Huko Mexico alikamilisha mfululizo wa picha 15 juu ya mwanamke Mweusi: yule anayesugua sakafu, yule wa shambani, na mashujaa kama Harriet Tubman. Mwaka 1952 alichonga picha yake mashuhuri kuliko zote, ya mama anayelima shamba la mtu mwingine kwa malipo ya sehemu ya mavuno. Amevaa kofia pana ya majani, koti lake limefungwa kwa pini kwa kukosa kifungo, lakini uso hauombi huruma.

Mwaka 1947 aliolewa na msanii mwenzake, Francisco Mora, wakapata watoto watatu wa kiume. Tangu mwaka 1958 hadi 1975 alifundisha uchongaji katika chuo kikuu cha taifa cha Mexico.

HODI ILIYOCHUKUA MIAKA

Mwaka 1962 alichukua uraia wa Mexico. Serikali ya Marekani, iliyochukizwa na siasa zake za mrengo wa kushoto, ikamtangaza kuwa mgeni asiyetakiwa. Mwaka 1970 wasanii Weusi walipokutana huko Evanston, Illinois, alilazimika kuwahutubia kwa simu. Yeye alizuiwa mpakani, lakini chapa zake zilivuka. Marafiki walidai hadi mwaka 1971 akaruhusiwa kuingia kwa maonyesho yake Harlem. Uraia wa Marekani alirudishiwa mwaka 2002.

Alifariki nyumbani kwake Cuernavaca, Mexico, tarehe 2 Aprili, 2012. Leo yule mama wa kofia ya majani ametundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Marekani, na watoto wa rangi zote huingia kumtazama kwa kupitia mlango wa mbele.