Dau Halipimwi kwa Uzuri wa Karata

Swali linaloulizwa mara nyingi kuliko yote na wanaojifunza poka ya mtandaoni ni kwamba mtu aliyegawiwa karata nzuri aweke dau la kiasi gani, na aliyegawiwa karata mbaya aweke kiasi gani. Swali hilo limekwisha kujibiwa mno kwa orodha za viwango, na kila jibu la namna hiyo limezidisha madhara, kwa sababu kosa halimo katika kiwango kinachotajwa bali limo katika swali lenyewe. Muulizaji anachukulia kwamba dau ni kipimo cha uzuri wa karata, yaani kwamba karata bora hustahili dau kubwa, karata za kati dau la kati, na karata dhaifu dau dogo la kubahatisha. Katika poka isiyo na kikomo cha dau, ambapo mchezaji akifikiwa na zamu yake anaruhusiwa kusukuma katikati fedha zote alizo nazo mezani, ni vigumu kupata imani nyingine iliyo ghali kuliko hii.

Ughali wake unaonekana tangu kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Pakiti ya karata 52 inatoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili za mkononi, na kati ya hiyo ni 6 tu iliyo ya ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia. Kwa hiyo mchezaji huzipata kwa wastani mara 1 katika migao 221. Mwenye imani hii, ambaye kwa kawaida hufungua mchezo kwa mara 2.5 ya dau kubwa la lazima (kiasi ambacho mchezaji mmoja hutakiwa kukitoa hata kabla hajaziona karata zake), akizipata ree hizo hupandisha hadi mara 10 kwa hoja kwamba anazilinda. Wenzake hutupa karata zao mmoja baada ya mwingine, naye huishia kuzoa dau kubwa la lazima pamoja na lile dogo lililo nusu yake, malipo ambayo angeyapata vilevile kwa karata yoyote ile endapo wote wangejitoa. Hoja ya kulinda haina msingi hapa, kwa kuwa ree mbili dhidi ya karata za mpinzani mmoja hushinda zaidi ya mara 3 katika 4, na mwenye nafasi kubwa kiasi hicho hana cha kulinda kwa kuwafukuza wapinzani. Anachohitaji ni mpinzani anayebaki na kulipa.

Mtandaoni kosa hili hukua. Katika ukumbi wa kawaida mchezaji huchunguzwa sura, mikono na namna anavyopumua, lakini kwenye skrini hakuna kinachoonekana isipokuwa muda aliochukua kuamua na kiasi alichoweka, kwa hiyo kiasi hicho ndicho uso wake. Aidha, majukwaa mengi huhifadhi kila mgao katika faili, na pale inaporuhusiwa zipo programu zinazozisoma faili hizo na kumwonyesha mpinzani, hata baada ya miezi kadhaa, ni mara ngapi dau kubwa la mchezaji fulani liliishia kufunuliwa karata nzuri. Anayepima dau kwa uzuri wa karata anawaandikia wapinzani wake taarifa ya siri zake na kuisaini.

Hesabu ya duru ya mwisho, ambapo karata zote tano za mezani zimekwisha kufunuliwa, inaonyesha hasara hiyo bila utata. Tuseme fungu, yaani fedha zilizokusanyika katikati, ni dola 100. Mchezaji akiweka 100, mpinzani hutoa 100 ili kugombea 200, na akishinda mara 1 katika 3 hapati hasara wala faida. Dau la 50 humtaka ashinde mara 1 katika 4, na dau la 200 mara 2 katika 5. Sasa tuseme mchezaji huweka 100 akiwa na karata kali tu na 30 akiwa na karata dhaifu tu. Mpinzani aliyekwisha kumjua hana sababu ya kulipa zile 100, kwa kuwa nafasi yake ya kushinda iko chini mno ya theluthi moja, hivyo karata kali haileti hata senti moja zaidi ya zilizokuwapo. Zile 30 nazo hazimtishi mtu, kwa maana mpinzani huyo huzipandisha hadi 150 hata akiwa na karata za hovyo, na mwenye karata dhaifu hulazimika kujitoa. Mchezaji huyu amepoteza kwa karata zake nzuri na amepoteza tena kwa zile mbaya, kisha huilaumu bahati au huituhumu programu ya kugawa karata.

Watetezi wa imani hii husema kwamba kwenye meza za viwango vya chini hakuna anayefuatilia mambo hayo. Kuna ukweli mmoja ndani ya utetezi huo: wapo wachezaji wasioweza kutupa karata, wanaolipa dau lolote wakiwa na chochote, na dhidi yao ni sahihi kuweka madau makubwa kwa karata kali na kuacha kabisa mkwara, yaani dau la kumtisha mpinzani wakati mwenyewe huna kitu. Lakini hapo kipimo kilichotumika ni tabia ya mpinzani, wala si uzuri wa karata, na tofauti hiyo si ya maneno tu, kwani siku meza itakapobadilika, aliyejizoeza kumsoma mpinzani atabadilika nayo, ilhali aliyejizoeza kupima karata zake ataendelea kulipa ada ileile.

Kipimo sahihi ni wigo, yaani mkusanyiko wa karata zote ambazo mchezaji anaweza kuwa nazo kwa jinsi alivyocheza hadi hapo. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha nadharia ya michezo cha mwaka 1944, walionyesha kwa poka iliyorahisishwa kwamba dau kubwa huwekwa kwa karata kali kabisa na kwa sehemu ya zile dhaifu kabisa, huku karata za kati zikipita bila dau. Tuchukue meza yenye mfalme wa kopa, 9 ya kopa, 4 ya pau, 7 ya shupaza na 2 ya uru. Mchezaji aliyeweka dau katika duru zote anaweza kuwa na wafalme wawili, 9 mbili au 4 mbili, na kila jozi ina michanganyiko 3 iliyobaki, jumla 9, yote ikimpa karata tatu zinazolingana. Vilevile anaweza kuwa na kopa mbili, kama ree na malkia, zilizosubiri kopa ya tano isiyokuja. Akiweka dau sawa na fungu kwa ile michanganyiko 9, anatakiwa kuongeza michanganyiko 4 au 5 ya kopa zilizokwama, kwa uwiano wa mkwara 1 kwa karata kali 2, na mpinzani hubaki bila jibu zuri: akilipa hafaidiki, na akijitoa hafaidiki. Mwenye mfalme mmoja na karata ndogo ya kando, ambaye ana karata ya kati, hapaswi kuweka dau hilo kamwe, kwa kuwa atalipwa na wanaomshinda na kukimbiwa na anaowashinda.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kina cha mtaji ulio mezani ukilinganishwa na fungu. Mtaji wa kawaida wa kuanzia ni mara 100 ya dau kubwa la lazima. Mmoja akifungua kwa 2.5 na aliyetoa dau kubwa akilipa, fungu huwa 5.5 na kila mmoja hubakiwa na 97.5. Madau matatu ya nusu ya fungu katika duru tatu zinazofuata huingiza 19.25 tu, ilhali madau matatu yaliyo sawa na fungu huingiza 71.5, na anayetaka mtaji wote uingie kwa hatua zinazolingana hana budi kuweka takriban asilimia 116 ya fungu kila duru. Kwa hiyo anayeuliza dau la duru ya mwisho peke yake amechelewa, maana ukubwa wake huamuliwa tangu karata tatu za kwanza zinapofunuliwa. Mwezi Januari 2017, huko Pittsburgh nchini Marekani, programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migao 120,000 ya watu wawili wawili, na kati ya silaha zilizowasumbua zaidi ni madau yaliyozidi fungu maradufu na zaidi, yakiwekwa kwa karata kali na kwa mkwara pia.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Kabla ya karata za mezani, kiwango kimoja cha kufungua kwa karata zote zinazochezwa, kwa mfano mara 2.5. Baada ya karata tatu za kwanza, theluthi ya fungu kwa sehemu kubwa ya wigo pale meza inapomfaa aliyefungua, kama mfalme, 7 na 2 za maua tofauti. Robo tatu ya fungu au zaidi pale wigo unapogawanyika kati ya karata kali na mkwara. Na kupita bila dau kwa karata za kati. Kwenye viwango vya chini kato la jukwaa, yaani sehemu ya fungu ambayo jukwaa hujitwalia, hula sehemu kubwa ya mafungu madogo, hivyo karata hafifu zitupwe mapema. Mtaji wa mezani uwe sehemu ndogo ya akiba iliyotengwa kwa mchezo, usiongezwe kwa nia ya kufukuza hasara, na usitoke kamwe katika fedha za kodi au ada ya shule. Kisha mchezaji afungue kumbukumbu za migao yake 100 ya mwisho, afiche karata alizokuwa nazo, na asome ukubwa wa madau peke yake. Akiweza kukisia karata zake kwa kuangalia madau hayo, wapinzani wake nao wanaweza, na kazi ya kurekebisha ianzie hapo.