Filamu ya Noeli na Usingizi wa Mtoto

Sikukuu ya Noeli huzikutanisha familia. Baada ya Misa na chakula, wengi hukaa mbele ya televisheni, wakubwa kwa wadogo, na kijana mmoja wa nyumbani huchomeka flashi aliyojaziwa filamu mjini. Siku chache baadaye, sisi wauguzi hupokea akina mama wanaosema: "Mtoto halali. Anaamka usiku akilia, na kitandani anakojoa wakati alikwisha kuacha." Tunapima homa, tunapima malaria, hatuoni kitu. Ndipo tunapouliza: mlitazama nini siku ya sikukuu?

Jina la sikukuu si kipimo

Wazazi wengi hudhani kwamba filamu ikiwa ya Noeli, ya dini au ya kuchekesha, basi inawafaa watoto wote. Sivyo. Tuchukue mfano wa The Nativity Story, ya mwaka 2006. Ni filamu nzuri juu ya kuzaliwa kwa Bwana, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vatikano tarehe 26 Novemba 2006. Lakini inaanza na askari wa Herode wanaokwenda kuwaua watoto wachanga wa Bethlehemu. Mtoto wa miaka 10 aliyeisikia habari hiyo katika katekesi anaweza kuielewa. Mtoto wa miaka 4 anaona tu kwamba watu wenye silaha huingia nyumbani na kuwaua watoto kama mdogo wake.

Mfano mwingine ni Home Alone, ya mwaka 1990. Sisi wakubwa tunawacheka wale wezi wawili. Mtoto mdogo anaona mwenzake aliyesahauliwa na wazazi, akabaki peke yake usiku. Kwa umri wake, hilo ni jambo la kutisha kuliko zimwi.

Alama za umri zinazowekwa kwenye filamu ni msaada, lakini hazitoshi. Huko Marekani, filamu ya Gremlins, yenye habari za wakati wa Noeli, ilitoka mwaka 1984 ikiwa na alama ya kuwaruhusu watoto kwa uangalizi wa wazazi. Wazazi wakalalamika kwamba inatisha mno. Mwaka huohuo ikaongezwa alama mpya ya kuwatahadharisha wenye watoto walio chini ya miaka 13. Na filamu za kwenye flashi mara nyingi hazina alama yoyote.

Umri na hofu zake

Mtoto wa chini ya miaka 2 hana haja ya filamu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya televisheni au simu.

Mtoto wa miaka 3 hadi 7 huogopa anachokiona na kukisikia: sura mbaya, giza, sauti kubwa, mtu anayegeuka kuwa kitu kingine. Mtafiti Joanne Cantor wa Marekani aligundua kwamba watoto wadogo walimwogopa sana mtu wa kijani katika The Incredible Hulk, ingawa huyo alikuwa mtetezi wa wanyonge. Sura iliwashinda.

Kuanzia miaka 8 hivi, mtoto huogopa zaidi mambo yanayoweza kutokea kweli: wezi, moto, kufiwa na mzazi. Tena watoto hawafanani. Aliyefiwa karibuni au aliyeona ugomvi nyumbani hushtuka upesi kuliko wenzake.

Kabla ya kuwasha televisheni

1. Mtu mzima aitazame filamu yote kwanza, tangu mwanzo hadi mwisho.
2. Waonyesheni watoto mchana, si muda mfupi kabla ya kulala.
3. Mkubwa mmoja akae nao hadi mwisho. Ikiwa filamu inawafaa wakubwa tu, wangojeeni wadogo walale.
4. Mtoto akiziba macho, akijificha au akiomba kutoka, mtoeni. Asilazimishwe, wala asiitwe mwoga mbele ya wenzake.

Mtoto akishtuka

Mpakate, mpe maji au uji, mwachie taa kidogo, kaa naye mpaka alale. Kumwambia "si kweli, ni filamu tu" humsaidia mtoto mkubwa, hasa ukimweleza kwamba ile damu ni rangi. Kwa mdogo maneno hayo hayatoshi. Yeye hutulizwa na mikono yako.

Msimchape kwa kukojoa kitandani, maana hofu huongezeka. Msimtishe kwa kusema, "Usipokula nitamwita lile zimwi." Wala msikimbilie kusema kwamba amelogwa. Mtoto mwenye ndoto mbaya huamka, hukumbuka alichoota, na hutulia akibembelezwa. Yupo mwingine anayepiga kelele saa chache za kwanza za usingizi, macho wazi, asimtambue mama, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyo msimtikise, mlindeni asianguke mpaka alale tena. Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe kadiri anavyokua.

Lakini angalieni sana: mtoto mwenye homa, anayetapika, anayeweweseka, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri, huyo si wa filamu. Mleteni hospitali usiku huohuo. Na hofu ikizidi mwezi mmoja, au mtoto akikataa kula, kucheza au kwenda shule, mleteni pia tumsikilize.

Tunawatakia familia zote Noeli njema na usingizi mwema.