Pikapu ya Kikundi Ikitoka Ovahoo Wakati wa Baridi



Kikundi chenye pikapu kinajua thamani yake. Ndiyo ipelekayo mahindi na ndizi sokoni Mumias, na usiku ndiyo ibebayo mgonjwa. Injini ikichoka, mnachanga miezi mingi ili fundi aifumue na kuiunda upya. Siku mnapomlipa, wengi hudhani kazi imekwisha. Sivyo! Kilomita mia chache za kwanza ndizo zitaamua kama pesa zenu zitadumu miaka, au zitatoka na moshi.

Kwa nini kilomita za kwanza?

Ndani ya silinda fundi huacha mikwaruzo midogo makusudi. Ringi mpya za pistoni husuguana nayo mpaka zikae sawasawa. Kinachozisukuma zikaze ukutani ni nguvu ya mafuta yanapowaka juu ya pistoni. Injini isipofanya kazi, nguvu hiyo ni kidogo. Ukuta wa silinda hupata utando laini unaong'aa, na ringi hazikai tena. Hapo gari litakula oili siku zote, na mara nyingi dawa ni kuifungua injini upya.

Basi kuiacha injini ingurume uani kutwa nzima "ili izoee" ni kosa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Baridi inaongeza nini?

Kwetu maji hayagandi, lakini asubuhi za Julai oili huwa nzito na huchelewa kufika kwenye beringi. Kwa gari la petroli lenye kabureta, choki ikivutwa muda mrefu, petroli mbichi huosha oili kwenye ukuta wa silinda.

Tena kuna mazoea ya kutoa themostati na kuitupa, ati nchi yetu ni ya joto. Themostati ni kama mlango: huzuia maji yasiende kwenye redieta mpaka yapate moto, kwa injini nyingi karibu nyuzi 82. Ikitolewa, injini inakaa baridi na ringi zinachelewa kukaa. Mwambieni fundi aweke nzima.

Mfanye hivi:

1. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, hakikisheni oili na maji vimejaa. Fundi akate moto wa plagi, kisha azungushe injini kwa stata, kidogo kidogo, mpaka taa ya oili izime.

2. Tumieni oili inayotajwa na kitabu cha gari. Namba iliyo mbele ya herufi W inaonyesha inavyotiririka kwenye baridi: ikiwa ndogo, oili hufika upesi. Oili nzito kupita kiasi haisaidii injini mpya.

3. Kila asubuhi, mkiwasha, ngojeni dakika moja au mbili, kisha ondokeni polepole. Choki irudishwe mara injini inapotulia. Msikanyage mafuta kwa nguvu kabla maji hayajapata moto.

4. Injini ikishapata moto, ipeni kazi. Kwenye mwinuko kanyageni mafuta kiasi, kwenye mteremko achieni. Mwendo ubadilike, usiwe mmoja safari nzima. Msiilazimishe kupanda kwa gia kubwa huku ikitetemeka.

5. Kwa kilomita 1,000 za kwanza, bebeni nusu ya mzigo.

6. Badilisheni oili na filta baada ya kilomita 500 hivi. Oili ile ya kwanza hubeba vumbi la chuma.

Moshi je?

Mvuke mweupe asubuhi ya baridi, unaokwisha injini ikipata moto, si tatizo. Lakini ukiendelea na maji yakapungua, huenda gasketi inavuja. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukipungua siku hadi siku, ringi zinakaa. Usipopungua, mrudieni fundi mapema.

Jambo la mwisho ni letu sisi wenyewe. Mweka hazina atataka gari lilipe deni kuanzia kesho, na wenye magunia watambembeleza dereva aongeze moja tu. Kaeni kikao mkubaliane mapema: dereva mmoja, nusu mzigo, na daftari la kuandika kilomita, oili na maji kila siku. Hasara ya majuma machache ya nusu mzigo ni ndogo kuliko mchango wa pili.