Meno ya Papa wa Kale: Kwa Nini Ukusanyaji Wake Huongozwa na Sheria

Mwezi Septemba mwaka 2020, jino moja la papa liliibua mjadala nchini Malta. Mtangazaji mashuhuri wa Uingereza wa vipindi vya wanyamapori, Sir David Attenborough, alimzawadia Mwanamfalme George jino kubwa la papa wa kale alilolipata katika mawe laini ya chokaa ya Malta, alipokuwa likizo na familia yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada ya habari hizo kutangazwa, waziri wa Malta aliyekuwa na dhamana ya utamaduni, José Herrera, alionesha nia ya kutaka jino hilo lirejeshwe nchini mwake. Baadaye Serikali ya Malta ilieleza kuwa haitalifuatilia suala hilo, na jino likabaki Uingereza.

Pamoja na kumalizika kwa amani, tukio hilo liliacha swali linalozihusu nchi nyingi: kitu kilicholala ardhini kwa mamilioni ya miaka ni mali ya aliyekiokota, au ni urithi wa taifa zima?

Papa anayezungumziwa

Meno makubwa kuliko yote ya papa yaliyowahi kupatikana ni ya papa aitwaye megalodoni, ambaye kwa jina la kisayansi hujulikana kama Otodus megalodon. Papa huyo aliishi katika bahari nyingi za dunia kuanzia takriban miaka milioni 23 iliyopita, na alitoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Wanasayansi wengi hukadiria kuwa alifikia urefu wa zaidi ya meta 15. Jino lake kubwa huweza kukaribia au kuvuka kidogo sentimeta 17, yaani zaidi ya upana wa kiganja cha mtu mzima, na kingo zake zina menomeno madogo mfano wa msumeno.

Mifupa ya papa si mifupa halisi bali ni gegedu, ambayo huoza upesi baada ya mnyama kufa. Meno, kwa upande wake, ni magumu. Zaidi ya hayo, papa hung'oka meno maisha yake yote na kuota mapya, hivyo papa mmoja huacha maelfu ya meno baharini. Jino linapozama na kufunikwa na mashapo, madini yaliyo katika maji huingia humo polepole hadi likawa kisukuku. Madini hayo ndiyo hulipa rangi: meusi, ya kijivu, ya kahawia au ya manjano, kutegemea mashapo yaliyolihifadhi.

Kutoka hirizi hadi sayansi

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua asili ya meno hayo. Waliyaita ndimi za mawe, wakaamini kuwa yanazuia sumu, na yale ya Malta yalitafutwa sana kwa ajili ya imani hiyo. Mabadiliko yalikuja mwaka 1666, pale kichwa cha papa mkubwa aliyevuliwa karibu na Livorno, Italia, kilipopelekwa kwa tabibu Nicolaus Steno mjini Florence. Steno alikipasua, akayalinganisha meno yake na zile ndimi za mawe, na mwaka 1667 akachapisha hoja kwamba ndimi hizo ni meno ya papa walioishi zamani. Kutokana na kazi hiyo aliendelea kueleza jinsi matabaka ya miamba yanavyojipanga, la chini likiwa limetangulia la juu. Kanuni hiyo inatumika hadi leo katika elimu ya miamba.

Mahali jino lilipolala

Mkusanyaji anapookota jino huona umbo na ukubwa wake. Mtafiti huuliza kwanza limetoka wapi na katika tabaka lipi. Mfano mzuri ni nchi ya Panama, ambako watafiti walikusanya meno ya megalodoni katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 10. Kwa kuwa mahali pa kila jino palijulikana, waligundua kuwa mengi yalikuwa ya papa wachanga na wadogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 walihitimisha kuwa eneo hilo lilikuwa bahari ya kina kifupi ambamo papa hao walikulia. Endapo meno hayo yangeuzwa moja moja bila kumbukumbu ya mahali yalipotoka, hitimisho hilo lisingepatikana.

Biashara huongeza hatari hiyo. Jino kubwa lisilo na ufa huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola, jambo linalowavuta wachimbaji wasio na kibali pamoja na wauzaji wa meno yaliyoungwa au ya bandia.

Nchi mbalimbali na taratibu zake

Nchini Malta, sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2002 inajumuisha visukuku, na hairuhusiwi kuvichimba wala kuviondoa bila idhini ya mamlaka.

Nchini Marekani, taratibu hutofautiana. Katika ardhi ya Serikali Kuu, sheria ya mwaka 2009 inataka kibali cha kitafiti kwa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, papa akiwemo. Jimbo la Florida huwataka wakusanyaji wa visukuku vya wanyama hao katika ardhi ya jimbo kuwa na kibali. Hata hivyo meno ya papa, ambayo hupatikana kwa wingi jimboni humo, yameondolewa katika sharti hilo. Jimbo la South Carolina hutoa leseni kwa wapiga mbizi wanaookota visukuku kwa mikono katika mito yake, nao hutakiwa kutoa taarifa ya walichopata.

Usalama nao umezingatiwa. Katika hifadhi ya Calvert Cliffs, jimboni Maryland, wageni huruhusiwa kuokota meno yaliyosukumwa na mawimbi ufukweni, lakini ni marufuku kupita chini ya magenge au kuyachimba kwa sababu huporomoka bila dalili. Katika mito ya South Carolina maji ni ya giza, na mpiga mbizi hupapasa chini huku mkondo ukimvuta.

Sheria ya Tanzania

Kwa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964, inahesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa miongoni mwa mabaki yanayolindwa. Kwa msingi huo, jino la papa lililogeuka kisukuku linaingia katika ulinzi huo sawa na mfupa wa dinosaria. Uchimbaji wake unahitaji leseni, usafirishaji wake nje ya nchi unahitaji kibali, na mtu anayegundua mabaki ya namna hiyo anawajibika kutoa taarifa.

Umuhimu wa masharti hayo unaonekana katika historia ya Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, takriban tani 250 za visukuku zilichimbwa huko na kusafirishwa hadi Berlin. Mifupa ya dinosaria mkubwa iliyosimamishwa katika makumbusho ya mji huo ilitoka katika ardhi hiyo.

Mwananchi anayekuta kitu kinachofanana na kisukuku, awe mvuvi ufukweni, mkulima shambani au fundi katika eneo la ujenzi, anashauriwa kufanya yafuatayo:

• Akiache mahali kilipo, asikichimbe wala kukisafisha.
• Akipige picha, kando yake akiweka kitu kinachoonesha ukubwa.
• Aandike mahali, tarehe, na kina alichokikuta.
• Atoe taarifa kwa ofisi ya Serikali iliyo karibu, makumbusho, au mamlaka ya mambo ya kale.

Kwa kufuata hatua hizo, kilichopatikana humfikia mtafiti pamoja na maelezo ya mahali kilipolala, na hubaki nchini kwa manufaa ya vizazi vijavyo.