Breki za Mafuta kwenye Baiskeli: Kani Husafirije kutoka Kidoleni hadi Ardhini?

Katika barabara za udongo za Likunja, upande wa Nachingwea na Ruangwa, baiskeli si chombo cha matembezi tu. Hubeba korosho, ufuta, madumu ya maji, na pengine mgonjwa. Nyingi katika baiskeli kubwa za mizigo zina breki za vyuma: mwendeshaji abanapo mkono wa breki, vyuma huvuta raba zikagandamiza ringi. Siku hizi zimo pia baiskeli za gia zenye breki za diski zinazoendeshwa kwa mafuta. Je, fundi aweza kung'oa za zamani akafunga hizi mpya? Jibu limo katika fizikia ya sekondari.

Tuanze na kazi ya breki. Tuchukue mwendeshaji, baiskeli na gunia vyenye tungamo la kilo 140 kwa jumla. Vikienda mita 5 kwa sekunde, vina nishati-mwendo ya jouli 1,750. Kasi ikifika mita 10 kwa sekunde, nishati hiyo huwa jouli 7,000. Kasi imeongezeka mara mbili, nishati mara nne. Breki hugeuza nishati hiyo kuwa joto. Kani ya kusimamisha ikiwa nyutoni 350, umbali wa kusimama hutoka mita 5 ukawa mita 20, na hapo hatujahesabu mvuto wa mteremko. Mita hizo 15 zaweza kuamua kama mtoto anayevuka njia atasalimika.

Adui wa breki za ringi ni maji. Ringi ya chuma ikilowa, msuguano hupungua sana. Diski hukaa kwenye habu, mbali zaidi na tope. Lakini diski yenye kipenyo cha milimita 160 ina nusukipenyo cha milimita 80, ilhali ringi ya baiskeli kubwa ina karibu milimita 320. Kwa kanuni ya momenti, ili gurudumu lizuiwe sawasawa, diski yahitaji msuguano mara nne. Kani hiyo itatoka wapi?

Blaise Pascal (1623–1662), mwanasayansi wa Ufaransa, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungwa huenea kote bila kupungua. Mathalani, vidole vikibana kwa nyutoni 50, na wenzo ukaizidisha kani hiyo mara 4, pistoni ndogo husukumwa kwa nyutoni 200. Eneo lake likiwa sentimita mraba 0.8, kanieneo ni nyutoni 250 kwa kila sentimita mraba. Pistoni kubwa yenye sentimita mraba 4 itasukuma kwa nyutoni 1,000. Lakini hakuna cha bure: pistoni ndogo ikienda milimita 5, kubwa husogea milimita 1 tu. Ndiyo maana hewa ikiingia katika mafuta breki hulegea: hewa hushindilika, na sehemu ya mwendo wa pistoni ndogo huishia humo.

Sasa twaweza kujibu. Mkono uliotengenezwa kuvuta waya au vyuma hauna pistoni ya kusukuma mafuta; lazima ubadilishwe. Katika baiskeli nyingi za gia, mkono wa breki na wenzo wa kubadilishia gia vimo katika kifaa kimoja, hivyo anayebadili breki hujikuta akibadili na vya gia. Tena habu lazima iwe na mahali pa kufungia diski, na fremu iwe na mahali imara pa kushikilia pistoni. Baiskeli ya breki za vyuma kwa kawaida haina vyote viwili. Kuunga fremu kwa kubahatisha ni hatari kuliko breki dhaifu.

Kwa hiyo mwenye baiskeli hiyo na aanze na anachoweza kurekebisha leo: raba zilizolika zibadilishwe, vyuma vikazwe, ringi isafishwe mafuta. Wakati wa mvua abane breki kidogo mapema ili raba zifute maji. Na apunguze kasi kabla ya mteremko, si katikati yake.

Walimu waweza kuonyesha kanuni ya Pascal darasani kwa mabomba mapya ya sindano, moja dogo na moja kubwa, yasiyo na sindano, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Wanafunzi wasukume dogo, wapime mwendo wa kila pistoni. Kisha waache hewa kidogo ndani na kupima tena.